Je, Wajua? Shangingi Likivishwa Matairi Makubwa

Si ajabu siku hizi kukuta pale Masaki au Karen shangingi la viti vya ngozi na kiyoyozi cha kila abiria, limesimama juu ya matairi yenye meno makubwa utadhani limerudi Serengeti usiku wa kuamkia leo. Mengine yametoka Serengeti kweli. Mengine, njia mbaya kuliko zote yanayoijua ni matuta ya mtaani kwao. Vyovyote iwavyo, tairi likibadilishwa ukubwa, mengi hubadilika pamoja nalo bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi. Tumekukusanyia yale ambayo muuza matairi mara nyingi hana muda wa kuyaeleza. Gari letu la mfano ni Land Cruiser 200, ile VX inayojulikana kwenye kila msafara wa viongozi. Nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 285/60R18, na wengi hutamani kuhamia 285/65R18 la A/T, yaani tairi la ardhi zote.

Ubavu wa tairi umeandikwa vipimo vya aina tatu

Soma 285/60R18 polepole. Namba 285 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 60 si milimita tena, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya ule upana, yaani milimita 171. Herufi R inakwambia nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radial, ambao Michelin ilianza kuuza mwaka 1949. Namba 18 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu ya milimita 457, unapata kimo cha tairi zima: milimita 799. Ukienda 285/65R18, kimo kinakuwa milimita 828 hivi. Upana haujaongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni ubavu.

Milimita 28 dukani, milimita 14 barabarani

Tairi jipya limezidi la zamani kwa takribani milimita 28, lakini gari linanyanyuka 14 tu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli na haimnyanyui mtu. Hata hivyo, hizo 14 usizidharau. Springi ndefu hunyanyua bodi, lakini difu ya nyuma ya VX imo ndani ya ekseli nzima inayobebwa na magurudumu yenyewe. Weka springi za kimo chochote utakacho, ile difu itabaki palepale ilipokuwa, ikisubiri jiwe la katikati ya njia. Kinachoweza kuipandisha ni tairi pekee.

Askari wa tochi ya kupima mwendo anaona usichokiona

Kwa hesabu ya karatasini, tairi la zamani huzunguka mara 398 katika kila kilomita. Jipya huzunguka mara 385. Gari halijui kama umebadilisha kitu. Lenyewe linahesabu mizunguko tu. Kwa hiyo kila namba ya spidomita inahitaji kuongezwa asilimia 3.6. Iliyokuwa 50 ya kwenye vijiji sasa ni karibu 52, na iliyokuwa 100 ni karibu 104.

Wengi huponea hapa: kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, lakini inairuhusu kuonyesha zaidi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ndiyo maana spidomita nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimetia chumvi kidogo. Tairi kubwa linaila ile akiba. Ukiongeza ukubwa kupita kiasi, akiba inakwisha na spidomita inaanza kukuficha mwendo wako. Mafundi wengi hushikilia kanuni ya kutozidi asilimia 3 ya kimo cha awali, na mfano wetu umeshaupita mstari huo kwa nywele.

Sehemu ya mafuta "yanayopotea" haijapotea

Baada ya matairi mapya kilio cha kwanza huwa kimoja: gari limeanza kunywa. Ni kweli, tairi zito lenye meno hunywesha zaidi. Lakini sehemu ya kilio hicho ni hesabu. Ukisafiri kilomita 1,000 za kweli, dashibodi itaandika kama 966. Tuseme umetumia lita 150. Kwa kilomita za kweli, hizo ni lita 15 kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita za dashibodi, zinakuwa lita 15.5. Nusu lita hiyo haijachomwa na injini wala kuibwa na dereva.

Anayenunua gari la mkononi naye ajue: VX iliyotembelea matairi haya tangu ikiwa mpya, ikionyesha kilomita 100,000, imeshatembea zaidi ya 103,000, na hakuna aliyegusa mita.

Toleo la porini ndilo lenye rimu ndogo

Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, wateja wa Japani waliwekewa matoleo mawili ya juu. ZX, la kifahari, lilipewa tairi la 265/55R20. GR Sport, lililotengenezwa kwa ajili ya njia ngumu, lilipewa 265/65R18. Piga hesabu utaona matairi yote mawili yana kimo kilekile cha takribani milimita 800. Tofauti iko ndani: ZX ina ubavu wa milimita 146, GR Sport ina 172. Wahandisi wa Toyota waliotaka gari la mawe na mashimo hawakutafuta gurudumu kubwa zaidi. Walipunguza chuma wakaongeza hewa.

Hewa ndiyo inayobeba gari. Ubavu mrefu una nafasi ya kukunjika jiwe linapogonga, na kabla rimu haijaguswa pana umbali wa kutosha. Ubavu mfupi hauna pa kukimbilia: shimo moja la pembe kali, rimu imepinda au ubavu umetoa uvimbe.

Linganisha na Range Rover. Ile ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na rimu za inchi 16 na ndani ungeweza kuiosha kwa mpira wa maji. Ya sasa unaweza kuiagiza na rimu za inchi 23, na ubavu wake ukabaki na milimita 114. Kwa hiyo mwenye gari la kifahari anayetaka kwenda porini, duka la kwanza la kutembelea ni la rimu ndogo zaidi. Kikwazo huwa breki: magari mazito yenye injini kubwa yana diski na kalipa kubwa, na rimu ndogo kupita kiasi haiingii. Jaribu moja kabla ya kulipia nne.

Rimu za VX ya zamani haziingii kwenye mpya

Land Cruiser 200 ina nati 5 kwa kila gurudumu, zilizopangwa kwenye duara la milimita 150. Land Cruiser 300 ina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7, sawa na Prado. Aliyejiwekea seti nzuri ya rimu za 200 akinunua 300 atazitazama tu. Na hata matundu yakilingana, angalia rimu inakaa ndani kiasi gani. Rimu inayosukuma gurudumu nje hupendeza machoni, lakini huongeza mzigo kwenye beringi na kulipeleka tairi moja kwa moja kwenye ukingo wa madigadi.

Gari la tani 2.7 linagusa ardhi kwa eneo lisilofika karatasi mbili

Chukua VX ya kilo 2,700. Kila gurudumu linabeba kilo 675. Upepo ukiwa psi 35, hesabu ya darasani inasema kila tairi linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 275 hivi, pungufu ya nusu ya karatasi ya A4. Magurudumu yote manne kwa pamoja hayafikishi karatasi mbili.

Sasa vaa tairi kubwa, upepo uwe uleule wa psi 35. Eneo linabaki karibu lilelile! Uzito haujabadilika na hewa haijabadilika, kwa hiyo mguso nao haubadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake: tairi refu hugusa kwa alama ndefu, tairi pana hugusa kwa alama fupi iliyotanuka. Ukitaka eneo kubwa kweli, punguza upepo. Kwa psi 18 hesabu ileile inakupa zaidi ya sentimita za mraba 530, karibu mara mbili, na hujatoa hata shilingi.

Tairi jembamba la safari lina kimo cha tairi pana la VX

Land Cruiser nyingi za kubeba watalii, zile za mfululizo wa 70 zenye paa la kufunguka, hutembelea 7.50R16. Upana ulioandikwa ubavuni ni inchi 7.5, yaani milimita 190 tu. Ukiliweka kando ya 285/60R18, utashangaa vimo vinakaribiana: yote mawili yanacheza kwenye milimita 800. Moja limeonekana kubwa kwa sababu ni nene.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, wembamba una faida yake. Tairi jembamba hukata tope la juu likatafuta ardhi ngumu chini. Pana huelea juu ya tope na kuteleza. Kwenye mchanga mambo yanageuka, anayeelea ndiye anayepita. Ndiyo sababu madereva wa Arusha na madereva wa jangwani hawakubaliani kuhusu tairi bora, na wote wawili wana haki.

Omani, kazi ya fundi wa tairi ni kutoa upepo

Katika mji wa Bidiyah, kwenye lango la mchanga wa Sharqiya, Land Cruiser zinazokwenda jangwani husimama kwanza kushusha upepo, mara nyingi hadi psi 15 au 18. Zikirudi husimama tena kujaza. Hatua ya pili ndiyo wageni husahau. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, na kila mkunjo huzaa joto. Kwa kilomita 100 kwa saa tairi letu huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika. Joto hilo ndilo hupasua matairi, hata yenye meno mapya.

Meno ya tairi hayalingani, na ni makusudi

Chuchumaa mbele ya tairi la A/T, weka kidole kwenye jino moja, kisha lipime urefu ukilinganisha na la pili na la tatu kwenye mstari uleule. Utagundua moja ni fupi, jingine refu kidogo, na mpangilio hubadilikabadilika kuzunguka tairi zima. Meno yangekuwa sawa yote, kila moja lingepiga lami kwa mpigo uleule na ungesikia mlio mmoja mkali kutoka Dar hadi Morogoro. Yakitofautiana, mlio unagawanyika kuwa uvumi wa chini ambao redio inaufunika.

Ukiwa bado umechuchumaa, tazama ndani ya mifereji. Katika matairi mengi ya A/T utaona vinundu vidogo vya mpira sakafuni mwake. Kazi yake ni kuyasukuma mawe nje. Jiwe likinasa na kubaki, kila mzunguko hulishindilia ndani zaidi hadi lifike kwenye waya.

Herufi nyeupe ni mpira wa ndani

Maandishi meupe ubavuni hayajapakwa rangi. Kiwandani huwekwa tabaka la mpira mweupe chini ya mweusi, kisha mweusi hukwanguliwa juu ya herufi ili mweupe utokeze. Mpira wenyewe haukuzaliwa mweusi. Weusi ni masizi maalumu yanayochanganywa ndani ili tairi lisichakae haraka. Ndiyo maana Bibendum, yule jamaa wa matairi wa Michelin aliyechorwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo. Alipochorwa, matairi meusi hayakuwa ya kawaida.

Umebeba alama ya theluji Kariakoo

Matairi mengi ya A/T yana herufi M+S, maana yake tope na theluji. Mengine yana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi zile mtengenezaji anaweza kuziweka kwa kutazama umbo la meno, bila jaribio lolote. Mchoro wa mlima hutolewa kwa tairi lililojaribiwa kwenye theluji na kufikia kiwango. Kwa Mswahili wa Minnesota au Toronto tofauti hiyo ni uhai. Kwa wa Dodoma ni pambo, isipokuwa jambo moja: mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye baridi unaweza kuchakaa upesi kwenye lami ya joto.

"Tairi la pamba kumi" halina tabaka kumi

Muuzaji akikwambia tairi ni la 10 ply, anazungumzia uwezo wa kubeba. Zamani matairi yalipojengwa kwa nguo za pamba, tabaka zilihesabika kweli. Nyuzi za leo zina nguvu zaidi, kwa hiyo tabaka mbili au tatu hufanya kazi iliyofanywa na kumi, na jina limebaki. Mara nyingi matairi haya huandikwa LT mwanzoni mwa namba zake. Yana ubavu mgumu usiotobolewa kirahisi na miiba ya migunga, lakini ugumu huohuo huusikia mgongoni kila tuta.

Kila kilo ya meno inahesabiwa karibu mara mbili

Tairi la LT linaweza kuzidi la kiwandani kwa kilo 5 au zaidi. Kilo 5 mara nne ni 20, utasema ni ndoo moja ya maji kwenye buti. Sivyo. Mzigo wa kwenye buti unasonga mbele tu. Mpira wa kwenye meno unasonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuukimbiza huhitaji karibu mara mbili ya nguvu. Kuusimamisha ni vilevile. Zaidi ya hapo, tairi likirefuka, breki ileile inashika gurudumu kubwa zaidi: kwa mguu uleule kwenye pedeli, nguvu inayofika ardhini hupungua kwa zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana gari zuri hugeuka zito baada ya kubadilishwa viatu, na mwenye gari humlaumu fundi wa injini.

Tairi linaweza kuingia gereji na kukataa barabarani

Gari likiwa limesimama, magurudumu yamenyooka, kila kitu huonekana sawa. Tairi hugusa pale usukani unapozungushwa hadi mwisho huku springi imejikunja, mfano unapopinda kuingia getini juu ya tuta. Magari yenye springi za upepo yana mtego wa ziada: Range Rover hujishusha kama sentimita 5 ili abiria apande bila taabu, na tairi refu lililopinda hukutana na plastiki ya ndani ya madigadi. Ushahidi ni rahisi kuuona: mstari unaong'aa kwenye plastiki nyeusi, kana kwamba mtu ameupiga brashi ya viatu. Ukiuona, usingoje uwe tundu.

Kumbuka pia spea. Kwenye VX huning'inia kwa mnyororo chini ya sakafu ya nyuma. Pima nafasi kabla ya kununua tairi la tano. Ukibakiza spea ndogo ya zamani, siku ya pancha gurudumu moja litakuwa linazunguka haraka kuliko mengine, na VX huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika, ilhali iliwekwa kwa ajili ya kona. Nenda nayo polepole hadi kwa fundi wa karibu, usifike nayo Mwanza.

Mpira una historia ya damu Kongo

John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Dunia ikapagawa kwa mpira, na mmojawapo wa walionufaika zaidi alikuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa mitoria ya msituni. Walioshindwa walichapwa viboko, walishikiwa wake zao mateka, wengine waliuawa na kukatwa mikono. Mpira wa asili haujapitwa na wakati: matairi ya kazi nzito huuhitaji kwa wingi kwa sababu huvumilia joto na hauchaniki upesi.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kujitengenezea matairi. Arusha palikuwa na General Tyre, Nairobi palikuwa na kiwanda kilichotoa chapa ya Yana hadi kilipofungwa mwaka 2016.

Tairi lina cheti cha kuzaliwa

Tafuta ubavuni neno DOT, fuata herufi zake hadi mwisho, utakuta tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na fundi anaweza kuugeuzia ndani, kwa hiyo angalia kabla halijafungwa. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Michelin, kwa mfano, inashauri tairi litolewe likitimiza miaka 10 hata kama meno bado yapo, spea ikiwemo.

Baridi na mwinuko wa Ngorongoro hufutana

Jaza psi 35 Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 30. Panda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya bahari. Hewa ya nje huko ni nyepesi, kwa hiyo geji ingesoma psi 3 na nusu zaidi. Lakini usiku wa huko unaweza kushuka hadi nyuzi 12, na baridi hupunguza karibu kiasi hichohicho. Asubuhi geji inakusomea karibu psi 35, kana kwamba hukuondoka Dar.

Psi chache zilitikisa kampuni mbili

Agosti 2000, Firestone iliyaita sokoni matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. Moja ya aina zilizorudishwa iliitwa Wilderness AT. Tabaka za ndani ziliachana gari likiwa kwenye kasi, magari yakapinduka, na zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Ford ilikuwa ikipendekeza psi 26 kwa gari hilo. Baadaye Firestone ilisisitiza psi 30. Kampuni hizo mbili, washirika wa karibu karne nzima, ziliachana mwaka uliofuata. Sheria iliyotokana na mkasa huo ndiyo iliyolazimisha magari mapya ya Marekani kuwa na taa ya kuonya upepo ukipungua.

Somo lake linamhusu kila anayebadilisha matairi ya shangingi. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango iliandikwa kwa ajili ya tairi la kiwandani. Tairi la LT lenye upepo uleule hubeba mzigo mdogo zaidi, kwa hiyo kwa kawaida huhitaji kuongezwa. Kiasi gani, kimeandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi, siyo kichwani mwa kijana wa kujaza upepo. Uliza jedwali hilo kabla ya kulipa. Kisha nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Kati ya vyote vilivyotajwa hapa, ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, na bila hicho tairi lolote, kubwa au dogo, unalitembelea kwa kubahatisha.